Shibe

Baba yangu, Nevio, hana kinyongo na kiumbe.
Huitia urea miwa yake mstari kwa mstari,
na mfuko wa mwisho ukiisha
hujipangusa shingo kwa kofia, akaiambia:
haya, kuleni.

Miwa hula. Kinachobaki,
mvua ya Februari huja kukusanya sahani.
Mto Tully huondoka na makombo,
rangi ya chai ya maziwa,
ukayapeleka kwa wasiobisha hodi.

Mimi huufuata kwa mashua ya chuo.
Chupa arobaini, barafu, kalamu isiyofutika.
Delma, ambaye babu ya bibi yake alichukuliwa Tanna
aje kuikata miwa hii hii kwa panga,
husoma nitrati, huandika, hasemi.
Siku moja tu, bila kugeuka:
"Sukari ya kwenu inafika mbali."

Nilipokuwa mdogo nilidhani buluu ile ni utajiri.
Kumbe maji ya buluu ni maji fukara,
na matumbawe ni mafundi wa kubana matumizi:
hupikiwa na jua, hugawana tonge
na mwani aliyepanga ndani ya ngozi yao,
hata mkojo wa samaki haupotei.
Njaa mwana malegeza, watu husema.
Huku chini njaa ndiyo iliyokaza mifupa.

Sasa wameletewa karamu.
Magugu yananenepa, yanayakalia vichwani.
Minyoo itobôayo mawe imepata meno mapya.
Na katika maji mazito ya kijani
mabuu ya kiti cha pweza chenye miiba,
ambayo desturi yake ni kufa njaa karibu yote,
mwaka huu yaliishi.

Jana nilihesabu viti mia na kumi na saba
pahali pasipozidi uwanja wa tenisi.
Kila kimoja kimelitoa tumbo lake nje
kikalitandaza juu ya tumbawe
kama kitambaa cha meza.
Kikiondoka, hubaki weupe.

Jumapili nilimwekea baba karatasi kando ya mkate.
Aliifuata kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu,
kidole chenye ufa mweusi wa udongo.
"Nipunguze mfuko mmoja?"
"Nusu, baba. Nusu ya yote."

Alikaa kimya mpaka mchuzi ukaganda.
Kisha akainuka, akaifuata sufuria.
"Umekonda," akasema,
akanijazia sahani
kabla sijakataa.