Dakika za Vitumbua

Kwa miaka saba kazi ilianza hivi:
nabonyeza kitufe, taa ya buluu inapepesa,
nafunga mlango wa kioo, nakwenda kwa Bi Mwanaiba
kununua vitumbua vitatu. Namwuliza goti.
Ananiambia goti, na mkwe, na bei ya mchele.
Narudi Barabara ya Kumi na Nne nikilamba vidole,
kompyuta bado inazungusha kiduara chake
kama mtu aliyeulizwa jina la babu wa babu yake.

Nilisema ni uzee. Hata mimi siku hizi
naingia chumbani, nasimama: nimefuata nini?

Lakini Ijumaa moja alisimama kaunta mama wa Duga,
ana tangazo la msiba, maziko saa kumi,
nami nabofya, nasubiri, nabofya.
Akaondoka bila neno.
Aliacha mia tano juu ya kioo,
aliisahau au alinihurumia, sijui.

Kilua akaja na baiskeli jioni ile,
bisibisi mfukoni ambayo hakuitoa.
"Diski hii haina sahani wala sindano," alisema,
"hakuna cha kupaka mafuta. Imeshiba tu."
Gigabaiti mia moja na ishirini. Zimebaki mbili.

Tukafungua kabati:
kadi za harusi za watu walioachana,
wasifu wa kazi wa Semkiwa, toleo la kumi na tisa,
mihutasari ya kikoba kilichovunjika kwa matusi,
picha za pasipoti, mamia, macho yote yakinitazama,
wenyewe walishapata pasipoti, wakaenda.
Wanasema Tanga waja leo, waondoka leo.
Kwangu walikuja wakakaa.

"Lakini nafuta," nikamwambia. "Kila Jumamosi nafuta."
Akacheka kwa pua.
"Ukifuta, mama, umefuta jina mlangoni.
Mpangaji yumo ndani, kalala.
Diski haijaambiwa kwamba kahama;
kila ikitaka kuandika neno jipya
inambeba kwanza yeye na godoro lake,
kwa heshima, chumba hadi chumba."

Sikujua nicheke au ninune.
Miaka saba naiamuru isahau
kwa lugha isiyoijua.

Programu yake ilikuwa ndogo, ya bure, ya kijani.
Ikakusanya vumbi la masasisho,
vivuli vya kurasa nilizopitia mara moja,
nakala za nakala za nakala.
Namba ikapanda, thelathini, hamsini,
kisha Kilua akaondoa mkono kwenye kipanya.
"Hapa ndipo tunapoiambia: vyumba hivi ni vitupu kweli.
Itafagia. Ulichokifuta zamani ukakijutia,
hata fundi wa Dar hakirudishi."

Kuna barua niliwahi kuifuta.
Ya kudai talaka. Niliichapa mwenyewe, usiku,
shata imeteremshwa nusu,
nikaisoma mara mbili, nikasahihisha koma,
nikaifuta, nikaenda nyumbani kupika ugali.
Kumbe ilikuwa humu.
Miaka minne inabebwa na godoro lake,
kwa heshima, chumba hadi chumba.

"Bonyeza," nikasema.
Kilua hakuuliza kitu.
Sekunde arobaini. Nilizihesabu.

Siku hizi nikiwasha, kabla sijavaa miwani
iko tayari, inanitazama, inataka kazi.
Tangazo la msiba linatoka likiwa na joto
kabla mwenye msiba hajamaliza kufuta machozi.
Mia tano ya mama wa Duga bado iko kwenye droo.

Jana Bi Mwanaiba alimtuma mjukuu,
vitumbua vitatu ndani ya gazeti:
"Bibi anauliza kama mmekosana.
Anasema goti limepona,
na hana wa kumwambia."

Leo nimebonyeza kitufe. Imewaka.
Nimeiacha imewaka,
nikafunga mlango wa kioo.