Jina Nyuma ya Risiti

Asubuhi ile nilivaa viatu vya mazishi,
maana ndivyo pekee vinavyong'aa,
nikaviringisha daftari la mafuta ndani ya kanga
nikatoka Kizota kutafuta mtu wa kunisemea.

Madumu mia mbili na kumi.
Yalipakiwa mbele ya macho yangu,
nikiyatia alama ya chaki, moja moja,
alizeti ya Kongwa, mkamuo wa kwanza.
Malipo yakaja theluthi, kisha ikaja barua:
mafuta yenu yana maji.
Mimi! Mafuta yangu!

Mpwa wangu Chilongani alisema,
shangazi, nenda kampuni kubwa, ile ya vioo.
Nikaenda kwenye vioo.
Lifti ilinifikisha kabla sijapanga maneno,
nikaketishwa kwenye kiti kinachomeza mtu.
Mawakili wanne, tai nne,
wakanisimulia kesi za mabenki na za migodi,
kisha bei ya saa moja.
Ya saa! Kama trekta la kukodi.
Daftari likabaki mapajani
kama mtoto aliyepitiwa na usingizi.
Hakuna aliyeomba kuliona.

Wa pili alikuwa Barabara ya Saba, juu ya duka la vipuri.
Huyu alicheka kabla sijakaa.
"Mama, hii imekwisha. Wiki sita, hela mkononi.
Jaji mwenyewe tumesoma pamoja."
Nikawakumbuka madalali wa mnadani:
anayemsifu ng'ombe kwa kelele
hataki uiname utazame kwato.
Nikasema nimesahau pochi nyumbani.
Nikashuka, pochi kwapani.

Saa saba mchana.
Vumbi jekundu lilishafika magotini,
viatu vya mazishi vimegeuka vya shamba.
Nilinunua zabibu za elfu moja
nikazila nimesimama,
nikitema mbegu na hasira.

Wa tatu Chang'ombe: chumba kimoja, feni moja,
jina mlangoni limechorwa kwa brashi,
Nyemo Msanjila, Wakili.
Umri wa binti yangu wa kwanza.
Hakuuliza nina shilingi ngapi. Alisema, lete daftari.
Akasoma kwa kidole, nusu saa nzima,
mwandiko wangu wa kulala upande,
hata ukurasa wenye dawa ya kuku.
Kisha mkataba. Kidole kikagoma kifungu cha tisa.
"Hapa ulikubali sampuli wachukue wao, wapime wao.
Ulisoma kabla ya kutia saini?"
Nikanyamaza. Feni ikajibu.
"Ukienda hivi, watakukamua kuliko alizeti."

Ilinichoma.
Lakini kwa kila mkupuo huwa naweka chupa moja darini,
mazoea ya marehemu mama, hata sijui kwa nini.
Nilipomwambia, akainua macho kwa mara ya kwanza.
Nikasema moyoni: ndiye.

Akafunua ukurasa wa mwisho, akaiona saini ya mkurugenzi.
Akaufunga mkataba taratibu
kama anayefunika chungu cha moto.
"Huyu nilimtetea mwaka juzi,
kampuni yake ikiwa na jina jingine.
Siri zake ninazo."
"Si ndizo ninazozihitaji?" nikasema, bila haya.
"Ndizo," akasema. "Ndiyo maana siwezi."

Hakupokea hata nauli.
Nyuma ya risiti ya umeme akaandika jina, mtu wa Makole.
"Atakugombeza," akasema,
"halafu atafanya kazi."

Sasa niko barabarani, jua limepinda,
risiti kiganjani, daftari kwapani,
namwendea mtu nisiyemjua
kwa dhamana ya mtu aliyenikataa.
Na chupa iko darini.
Naomba paka asiwe amefika.