Amri Zinazoanza na Fu

Usiku wa kwanza ganda lilijua kuhesabu tu.
Nililiandika Tabata Kimanga, chumba cha juu,
feni ikikata joto vipande bila kulipunguza,
na kwenye kioo cheusi mstari mmoja,
kishale kikipepesa
kama mtu aliyeulizwa jina akalisahau.

Nikaandika: hesabu.
Likajibu: sifuri.
Nikacheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Kiini cha mashine kiko chini huko, kigumu, hakisemi na watu.
Ganda ndilo linalosimama mlangoni,
linapokea maneno, linayamenya,
linarudi na jibu au na aibu.
Nikasema langu litapokea Kiswahili,
na penye bomba la kupitisha kitu toka amri hadi amri
nikaweka neno la watoto wanaposimulia:

     tafuta bolti kisha panga kisha hesabu

Nikalipeleka Gerezani, duka la vipuri,
kwa Bi Sikudhani mtunza stoo,
ambaye jina lake peke yake ni ujumbe wa kosa.
Anaandika kwa vidole viwili, miwani ameipandisha kwenye paji.
"Hili linaelewa?"
Linaelewa nililolifundisha.
"Basi bado toto."

Nikampa kitufe cha kumalizia maneno:
andika nusu, bonyeza, litakukamilishia.
Nilijivunia kitufe kile kuliko digrii.
Sikukumbuka kwamba lugha yetu
imewalaza funga na fungua na futa
kitanda kimoja.

Jumanne, mchana, akaandika fu.
Akabonyeza. Akabonyeza tena. La tatu lilikuwa futa,
na kidole cha pili kilikwishashuka.
Beringi mia nne na kumi, gesketi, bushi za wiki mbili,
zikaondoka bila kuaga.

Hakunipigia simu. Nilikuja kuyasoma baadaye
kwenye kumbukumbu za amri, kwa saa zetu, siyo za mashine:

     8:04   futa stoo
     8:04   hapana
     8:05   rudisha
     8:05   samahani
     8:07   samahani
     8:11   nimesema samahani

Na chini ya kila moja ganda langu, adabu hakuna:
siijui amri hiyo.

Beringi alizihesabu upya sakafuni,
kalamu na karatasi ya kaki, kanga imefungwa kiunoni.
Zikawa mia nne na sita.
"Nne," akaniambia, "zilikuwa uongo
hata kabla hazijafutwa."

Siku tatu sikutoka chumbani.
Kila amri sasa inaacha nakala nyuma yake.
Samahani imekuwa amri: hurudisha hatua moja.
Samahani sana hurudisha siku nzima.
Futa haikubali nusu neno, hata umbonyeze vipi;
inataka jina lake lote, kama karani wa mahakama.

Na kwa kuwa mikono ilishachangamka
nikalifundisha kunyambua:
toa mzigo, tolea mteja, tolewa na nani;
tafuta, tafutia, tafutiwa.
Shina moja nikaliandika, vitawi vikaota vyenyewe,
hata nisivyovitarajia,
hata pimiana, ambayo sijui duka la vipuri litaitumia wapi.
Saa tisa usiku, umeme umekatika, betri asilimia sita,
nikatambua kwamba sikuwa nimebuni kitu.
Viendelezi vyote vilikuwemo kinywani mwa bibi yangu,
mimi nimevitafutia kitufe.

Nililirudisha stoo Jumatatu.
Bi Sikudhani akafuta vumbi kwa kiganja,
akashusha miwani,
akaandika, herufi moja moja: hodi.

Siijui amri hiyo.

Hakusema neno. Akanitazama tu.
Nikavuta kiti.