Jembe la Mgeni

Homa ilikaa kwangu siku nne,
Barabara ya Kumi na Mbili, ikaaga.
Mwezi wa saba huu
ngozi bado inaiandalia:
saa nane usiku mabaka yanaumuka
mapana kama chapati,
asubuhi hayapo, naonekana mwongo.

Nimeacha pweza. Nimeacha machungwa ya Muheza.
Wifi Mishi asema ni upupu wa mtu.
Daktari, kule Bombo: pengine ile homa. Itaisha.
Lini, hakusema.
Vidonge vyake vinanilaza juu ya cherehani.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe;
huyu kaondoka, jembe kaniachia,
nalima mapaja mpaka alfajiri.

Jana Mwasiti, ndiyo kwanza anajua kuandika,
kapitisha ukucha mkononi mwangu.
Herufi zikainuka, nyekundu:
MWASI

"Usijikune," kasema, "sijamaliza."