Kinyumenyume

Jumamosi, Masese, jua halijakomaa,
tunaacha miguu yetu ufukoni:
viti vitatu vya magurudumu, magongo manane,
na mguu wa plastiki wa Isabirye
uliovalishwa soksi, kiatu kimefungwa kamba vizuri.
Mtoto wa muuza mukene huvilinda.
Ujira wake ni kukizungusha kiti kimoja
mpaka korongo waudhike, waruke.

Mimi huja na fimbo nyeupe.
Nayo nampa.

Balikoowa hunifunga kiunoni mkanda
alioukata kwenye gari bovu,
kisha hunishikisha makasia. "Mbele yako Nangobi.
Mgongo wake huuoni, lakini utausikia."
Kweli, nausikia: jaketi lake la kuelea linakwaruza,
pumzi inaingia, pumzi inatoka,
makasia yake yakizama yanasema chwa.
Yangu yanachelewa, yanasema chwa ya pili,
kama mtu aitikiaye salamu na chakula mdomoni.

Siku ya kwanza niliuliza, "Tunaelekea wapi?"
Wakacheka. Nangobi hakucheka.
"Dada, humu sote tunakwenda kinyumenyume.
Mwenye macho anaona alikotoka tu."

Nikanyamaza.
Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja
ya kushikwa mkono
na kuvushwa barabara nisizotaka kuvuka,
ya kuketishwa mbele kanisani niombewe kwanza,
bei ya nyanya zangu akiambiwa aliyenisindikiza.
Na kumbe ipo kazi duniani
ambayo watu huifanya wakiipa safari kisogo.

Leo Nangobi amesahau kugeuza shingo,
tumenasa kwenye gugumaji.
Nimelipapasa: mizizi yake ni nywele
za mtu aliyenyeshewa njia nzima.
Mvuvi anapita na injini, anapunguza moto.
"Maskini! Niwavute?"
Nangobi, mwenye miguu myembamba kama miwa
na mabega ambayo fundi cherehani hulipisha zaidi,
anamjibu kwa Kisoga, maneno mawili,
la pili siwezi kuliandika.
Kisha kwa upole: "Tumenasa, hatujazama. Pita."

Anapita. Mawimbi yake yanatutikisa,
yanatusukasuka, na bila yeye kukusudia
yanatunasua.

Hatumwambii.

"Tayari?" Nangobi anauliza.
Chwa.
Chwa. Hiyo ya pili ni yangu,
imechelewa bado, ila kidogo.