Spoki ya Mdanzi

Niliuona unga asubuhi ya Jumanne,
kijilima cha kahawia chini ya mdanzi wa uani,
nikadhani Kihiyo seremala kapiga msumeno
usiku, kimya, bila kuomba ruhusa.
Nikaunusa: harufu ya mti mbichi, na uchungu kidogo,
kama ganda la danzi likikwaruzwa na kucha.
Nikafagia.
Jumatano kijilima kikarudi palepale.

Mimi ni fundi baiskeli, Ngamiani, barabara ya kumi na nne.
Najua chuma kinavyokufa.
Rangi hukaa inang'aa,
mwenyewe anaifuta kila Ijumaa kwa tambara,
kumbe ndani ya bomba kutu inakula, inakula,
hadi siku kapakia gunia la nazi
fremu inakatika bila kuaga.
Kwa hiyo niliposhika shina
sikutazama majani.
Nilitafuta tundu.

Yalikuwa saba. Moja la kupitisha kalamu,
linatoa utomvu kama jicho linaloumwa.
Usiku, redio za wapangaji zilipozimwa,
niliweka sikio. Alikuwa humo:
kr, kr, kr,
mtu anayetafuna muhogo mkavu gizani
asitake kugawa.

Bi Mwantumu, mwenye nyumba, akasema, "Kata.
Mti mgonjwa ni kama mpangaji asiyelipa,
ukimwonea haya anakumalizia nyumba."
Akanitazama. Nilikuwa nadaiwa miezi miwili.
Nikaomba hadi mwisho wa mwezi,
kwa mti na kwangu.

Nikachagua spoki ya gurudumu la nyuma,
nikaikata kichwa, nikaipitisha kwenye jiwe,
ncha nikaikunja kidogo iwe ndoana.
Kazi hii haitaki nguvu, inataka vidole visikie:
pagumu, pagumu, pagumu,
kisha laini.
Zungusha. Vuta.
Ikatoka na uji mweupe, halafu yeye,
funza mnene asiye na miguu,
kichwa kidogo cheusi, meno matupu.
Sikumchukia. Yeye kazi yake kutoboa,
mimi riziki yangu kuziba pancha.
Ila mti ni mmoja.

Pamba, tone la mafuta ya taa, sindilia.
Juu yake udongo wa mfinyanzi.
Tawi lililokauka nililikata nikalichoma siku ileile.
Mhina wa miche, kule Kange, alinionya:
ukiliacha uani atatoka humo mbawakawa
mwenye papasi ndefu kuliko mwili,
atatafuta ufa mwingine atage.
Nikapaka chokaa, toka mizizi hadi kiunoni.

Nuriati wangu, wa darasa la tatu,
akaiba rangi ya kucha ya dada yake, ya waridi,
akazungushia kila tundu duara.
"Unga ukitoka, baba, tutajua lipi limetudanganya."
Wapangaji wakacheka: mdanzi kavaa nyeupe,
kapaka kucha, bwana harusi yuko wapi?

Nikatandaza mfuko wa salfeti chini yake.
Siku ya nne, safi.
Ya tano, safi, na ua moja limeanguka.
Ya sita, unga. Kidogo,
kama chumvi ya kulia yai.
Maduara yote saba yalikuwa mazima.
Lilikuwa la nane, juu, kwenye panda,
mahali mtoto hafiki.

Ndipo Bi Mwantumu akaja kudai kodi.
Mfukoni nilikuwa na ya mwezi mmoja,
mkononi spoki.
Pesa akazifunga kwenye pindo la kanga bila kuhesabu,
akaniambia, "Lete hicho kijiti chako."
Macho yake yana mtoto wa jicho,
lakini amesuka ukili miaka arobaini.
Akapanda juu ya kibao cha mbuzi,
akafumba macho, akaingiza taratibu,
midomo ikihesabu kitu nisichokisikia.

"Hapa," akasema.
"Hapa pamelegea.
Nishike kiuno, nisianguke."