Saa ya Kuomba Dawa

Shaame Faki, muuza juisi ya miwa pale sokoni Wete:
mashine imemla vidole viwili, cha tatu kinaning'inia.
"Usinilaze," ananiambia. "Nataka nione wanachokata."

Basi simlazi.
Namnyanyua mkono, kwapa wazi,
natafuta mshipa wa damu unaodunda
na jirani zake, mishipa ya fahamu,
iliyojibanza kando kama wapangaji wanaodaiwa kodi.

Kwenye bomba, dawa ya ganzi, mililita thelathini.
Kisha, na hapa husita kila siku,
kichupa kisichofika urefu wa kidole:
dawa ya maumivu.
Wengine huipiga begani, izunguke mwili mzima
ikiuliza njia.
Mimi naichanganya humo humo.
Chumvi hutiwa chunguni; sijaona mtu
akiilamba kando kisha anywe mchuzi.

Vitabu vinabishana. Kimoja chasema nafuu hurefuka.
Kingine: umeongeza kichefuchefu tu.
Sina kitabu cha tatu. Nina daftari.

Bi Chumu, kifundo cha mkono, ganzi peke yake:
aliomba dawa saa tatu usiku.
Kijana wa Kojani, kiwiko, ganzi peke yake:
saa mbili na robo, akimwita marehemu mama yake.
Mzee Hamad Ngwali, ganzi na kichupa:
usiku wa manane. Lakini alitapika.

Shaame anautazama mkono ukilala kabla yake.
"Huu wa nani? Mwambieni mwenyewe aje auchukue."
Nesi Raya anacheka.
Daktari hacheki, anashona.

Saa tatu napita wodini: kalala.
Saa sita: kalala, mkono juu ya mto
kama mtoto wa jirani aliyeachiwa kwa usiku mmoja.
Simwamshi. Nani humwamsha mtu
kumuuliza kama anaumwa?

Labda ni kichupa.
Labda ni uchovu wa mtu azungushaye gurudumu
tangu asubuhi, miaka tisa, bila usingizi wa mchana.
Mtu mmoja si ushahidi. Nalijua hilo,
na bado natembea kwa ncha za vidole.

Saa kumi na moja, adhana.
"Daktari, mkono umerudi. Umerudi na hasira zake."
Mimi si daktari, lakini naitika.
Nampa vidonge, nafungua daftari, naandika saa.

Kisha pembeni, pasipoandikwa kitu:
*aliuliza mashine kabakia nayo nani.*